Asiyeuliza Huulizwa

Asiyeuliza huulizwa. Mliisikia methali hii jana kwenye kikao cha harusi, mkacheka, na sasa mnataka kujua imetoka wapi. Ilianza hivi, tena sebuleni kwa kaka yangu Mwadime, hapa hapa Voi, nami nilikuwepo.

Mwadime aliishi Marekani miaka mingi hata akapata uraia wa huko. Alipostaafu akarudi nyumbani. Sasa Wamarekani wana jambo lao: raia wao, ahamie popote, kila mwaka lazima awapelekee maelezo ya mapato yake kwa ajili ya kodi. Wenzake waliorudi walikuwa na mtu wao Mombasa, mjuzi wa mambo hayo, ndiye aliyewajazia fomu. Mwadime alikataa katakata. Alisema atajaza mwenyewe.

"Kaka, si umuulize tu yule bwana?" nilimwambia.

"Nimuulize nini, na Kiingereza ninacho?"

Alikuwa na majivuno, Mungu amrehemu, lakini moyo wake ulikuwa mweupe. Mdogo wetu Righa alipofariki aliacha binti, Mghoi, na Mwadime akamchukua. Msichana alikuja kimya, hataki kumwita mtu yeyote kwa jina lolote. Ilichukua muda mpaka akaanza kumwita Baba. Siku ya kwanza kuitwa hivyo, kaka alitoka nje akajifanya anaangalia mbuzi, kumbe anafuta machozi. Basi fomu ilipouliza habari za watoto, akaandika: Mghoi, binti yangu. Kwetu mtoto wa ndugu yako ni wako. Nani angeandika vingine?

Ofisi ya kodi ikataka maelezo. Kaka akaamua kuwapigia simu, na kwa kuwa alipenda tumsikie akizungumza na Wazungu, alituita sote sebuleni akaweka simu kwenye spika. Mghoi alikuwa mkekani anachambua maharagwe. Kiingereza cha shule alikuwa nacho, na kizuri.

Mwanamke wa upande wa pili alikuwa na adabu. "Huyu Mghoi umemzaa, bwana?"

"Ni binti yangu."

"Naam, lakini umemzaa?"

"Nimemlea."

"Umemuasili mahakamani? Ana uraia wetu?"

"Hapana. Ila kwetu sisi, mama..."

"Nakuelewa, bwana. Kwa sheria yetu hawezi kuwekwa hapo. Nahitaji jibu moja niliandike. Ni mtoto wako, au siye?"

Kaka alitutazama. Jasho lilimtoka. Aliogopa kuitwa mwongo na serikali ya watu, akajibu haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu.

"Siye. Si wangu."

Mwanamke alishukuru akakata simu. Mghoi aliacha kuchambua maharagwe.

"Sasa mimi ni wa nani?" aliuliza.

Hakuuliza kwa hasira, na hilo ndilo lililotumaliza. Kaka akajifunika uso kwa viganja mbele yetu sote, mtu mzima yule. Niliona aibu hata ya kumtazama, nikainuka nikaenda jikoni.

Fomu ilisahihishwa na yule bwana wa Mombasa. Lilikuwa kosa dogo, alisema, angeulizwa mapema lisingetokea. Wamarekani wakaridhika, wala hawakuuliza tena.

Baadaye jirani mmoja aliyekuwa amerudi kutoka huko alikuja kujigamba kwamba naye atajaza fomu yake mwenyewe, hana haja ya kumsumbua mtu. Kaka alimsikiliza mpaka mwisho. "Asiyeuliza huulizwa," akamwambia, akiangalia chini.

Jirani akalieneza neno hilo mjini, na watu wakadhani kaka alikuwa akisema habari za ofisi ya kodi. Sisi wa nyumbani tulijua ni nani aliyemuuliza, na kwamba mpaka anaingia kaburini hakuwa amepata ujasiri wa kumjibu.

Asiyeuliza, wajukuu zangu, huulizwa.