Nyegere Agombea Kiti cha Bwawa

Paukwa!

Pakawa.

Hiyo pakawa mmeitoa puani. Wakubwa huko nyuma, wekeni simu chini. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Hapo zamani za kale palikuwa na bwawa, jina lake Kidindi. Maji yake yalitoka kwenye chemchemi moja, na chemchemi ilikuwa na mlango mmoja, na katika mlango huo alilala Kiboko.

Kiboko ndiye aliyekuwa msimamizi wa bwawa. Alichaguliwa zamani, na tangu siku hiyo kiangazi kimepita, kingine kimekuja, kimepita, mpaka vikafika tisa, yeye yupo palepale. Tumbo lake liliziba mlango wa chemchemi. Aliyemsifu alisogezewa tumbo kidogo akanywa maji safi. Asiyemsifu alikunywa chini yake. Na nyinyi mnajua kiboko akiwa majini hufanya nini. Maji ya huko chini yalikuwa na rangi ya chai, na hayakuwa chai.

Wanyama wakanywa. Wakakunja nyuso, wakanywa.

Isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa Nyegere.

Nyegere mnamjua. Mfupi, mgongo mweupe, tumbo jeusi, ngozi imelegea kama koti la kuazima. Haogopi nyuki, haogopi nyoka, haogopi hata mkwewe. Na chini ya mkia ana silaha. Wenye adabu huiita hewa. Mimi nitaiita ushuzi, kwa sababu ndivyo ulivyo. Akiuachia kwenye mzinga, nyuki huanguka pu, pu, pu, yeye akala asali kwa nafasi.

Siku moja Nyegere alikwenda bwawani mchana kweupe. Akamwamkia Kiboko. Kisha akageuka, akampa mgongo, akainua mkia. Fyuuuu. Kiboko alitoka majini macho yakimchuruzika, akakimbilia kwenye matete, akakaa humo akikohoa. Nusu siku nzima wanyama wakanywa maji safi. Jua lilipoinama, Kiboko akarudi mahali pake.

Nyegere akaenda mara ya pili. Fyuuuu. Akaenda mara ya tatu. Fyuuuu. Safari hiyo Kiboko, kabla ya kukimbia, alimbana kwa meno akamtupa kwenye miiba, ikatangazwa kwamba ni marufuku nyegere yeyote kukanyaga ukingo wa bwawa. Nyegere akachomoa miiba, akaja kunywa vilevile.

Basi jina lake likawa kubwa, na maneno juu yake yakawa mengi. Wengine walimtungia nyimbo. Wengine walisema ni fedheha, mnyama mzima, mama wa watoto, anainulia wazee mkia. Na wapo waliokuwa na kisa chao. Ushuzi hauchagui, ndugu zangu. Siku ile ya tatu, Kwale alikuwa amelalia mayai saba pale ukingoni. Harufu ikamfukuza kwenye kiota, hakuweza kurudi mpaka jua limekwisha kuyachemsha mayai. Yote saba yakaharibika. Kwale akamweleza kila aliyetaka kusikia. Habari zilipomfikia Nyegere, alisema vita havikosi hasara. Alisema hivyo akiwa mbali, mdomo umejaa asali.

Masika yakaisha. Kwa desturi ya Kidindi, masika yakiisha wanyama huchagua msimamizi. Anayetaka kiti husimama, na wanaomtaka hupanga mstari nyuma yake. Miaka hiyo yote mstari ulikuwa mmoja, wa Kiboko, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kusimama.

Ngiri akamwendea Nyegere, yeye na mkewe na ukoo wake wote. Akamwambia safari hii lazima agombee. Akasema watu wako nyuma yake, na kampeni ataisimamia yeye mwenyewe.

Nyegere akaenda kwanza kwa rafiki yake Mlembe. Mlembe ni yule ndege mdogo anayeonyesha asali. Yeye huonyesha mzinga, Nyegere huuvunja. Mmoja hula asali, mwingine hula nta. Walikuwa wameishi hivyo miaka mingi bila kugombana.

Mlembe akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Dada, wewe kazi yako ni kufukuza," akasema. "Kiti kile ni cha kukaa na watu. Umewahi kukaa na watu?"

"Nimekaa na wewe."

"Mimi hukaa upande upepo unakotoka."

Nyegere akacheka, kisha akaacha kucheka. Akamwambia Mlembe, "Mara tatu nimemtoa majini. Mara tatu amerudi kabla jua halijazama. Nimechoka kuwapa watu nusu siku."

Mlembe akadonoa nta. Mwishowe akamwambia agombee kama moyo unamtuma, yeye hatamzuia. Ila asimtegemee kumwimbia sifa. Nyegere akaumia kidogo, maana alikuwa amezitegemea.

Kampeni ikaanza. Kiboko alifanya mkutano wake ukingoni. Alikuwa msemaji wa mkia. Ninyi mliowahi kuona kiboko akijisaidia mnajua: mkia huzunguka kama pangaboi, na kila kinachotoka hugawiwa umma. Pwata, pwata, pwata. Waliokaa mbele walipakwa mpaka kwenye kope. Wakapiga makofi, wakasema mzee ametukumbuka. Waliokaa nyuma wakalalamika kwamba wao hawakufikiwa.

Kwa Nyegere mambo yalikuwa mengine. Ngiri alisema mgombea hawezi kunuka. Akamwogesha asubuhi na jioni. Akamsugua kwa majani ya mrehani, akamchomeka ua la kilua nyuma ya sikio. Akamfundisha na maneno, maana Ngiri aliamini kwamba kiongozi hujulikana kwa maneno ambayo hayashikiki. Akiulizwa jambo zito, ajibu, "Tutalifanyia kazi." Akiulizwa tena, ajibu, "Mchakato unaendelea."

Siku ya mkutano wake wanyama walijaa. Walitaka kumwona yule jasiri. Wakamwona mnyama ananukia kama bibi harusi, anasema mchakato. Punda milia akapiga miayo. Miayo ikaambukiza mkutano mzima.

Ndipo Kwale akatoka katikati ya watu, akasimama mbele. Ni ndege mdogo, lakini watu walimpisha.

"Mayai yangu saba," akasema. "Nataka nijue utasema nini."

"Tutalifanyia kazi," akasema Nyegere.

Wanyama wakacheka. Kwale hakucheka. Alibaki amesimama palepale.

Nyegere akaona joto likimpanda. Amefukuza nyuki, amemfukuza Kiboko, leo anasimamishwa na ndege wa chini asiyefika hata gotini pa ngiri. Bila yeye kujua, mkia ukaanza kuinuka. Mstari wa mbele wakaanza kurudi nyuma. Mama mmoja wa tumbili akamkumbatia mwanawe akamziba pua. Nyegere akamwona yule mama. Akawaona wote, namna wanavyomtazama, si uso wake, mkia wake. Walikuwa wakimtazama kama wanavyomtazama Kiboko.

Akaushusha mkia. Akavuta kilua sikioni, akakiweka chini.

"Nilikuona," akamwambia Kwale. "Nilikuona umelalia, nikasema ndege mmoja si kitu. Mayai yako niliyaua mimi. Hakuyaua Kiboko."

Kwale akamtazama muda mrefu.

"Basi umesema," akajibu, akaenda zake. Hakusema amesamehe, na Nyegere hakumwomba aseme.

Ngiri alijishika kichwa. Njiani alimlaumu mpaka sauti ikamkauka. Alisema hakuna mgombea duniani aliyewahi kukiri jambo mbele za watu, na kwamba kura zimekwenda. Lakini Ngiri hakuwasikia wanyama walivyokuwa wakizungumza walipokuwa wakirudi kwao. Walikuwa wakiulizana, katika viangazi tisa, Kiboko amewahi kukiri nini? Hata ile rangi ya maji alisema ni udongo.

Siku ya kuchagua ikafika. Mstari wa Kiboko ulikuwa mrefu. Mstari wa Nyegere ulikuwa mrefu. Wakahesabiwa mara mbili, na wa Nyegere ukazidi kwa wanyama kumi na mmoja. Kwale hakusimama kwenye mstari wowote. Alikaa pembeni akichakura wadudu.

Kiboko akaguna, akajiinua, maji yakasema bwaa, akaenda kukaa huko chini walikokuwa wakinywa wenzake. Watu husema alikaa siku mbili tu, akahamia mto mwingine. Aliona maji yale hayafai.

Sasa Nyegere ndiye msimamizi. Mwanzo ulikuwa mzuri. Mlango wa chemchemi ukawa wazi, kila mnyama akanywa kwa zamu, na yeye mwenyewe alikaa kwenye mwamba akisikiliza mashauri. Alijifunza kusikiliza. Ilimchosha kuliko kuvunja mizinga.

Kisha Ngiri akaja kuomba jambo dogo. Alisema ukoo wake ndio uliotembea jua na mvua kumtafutia kura, kwa hiyo apewe nafasi ya kuburudika mlangoni mwa chemchemi mchana, pale penye kivuli. Nyegere akaona ni dogo kweli. Akakubali.

Mchana wa kwanza wakaja ngiri wawili. Mchana wa pili wakaja kumi. Ngiri akiburudika hugaagaa, na akigaagaa huchimbua. Maji ya huko chini yakageuka uji. Wanyama wakaona, wakanong'ona. Wengine walinyamaza kwa sababu Nyegere ni mtu wao, wamemchagua wenyewe, watamsemaje. Wengine walinyamaza kwa sababu mkia bado ulikuwa pale. Wakakunja nyuso, wakanywa.

Siku moja adhuhuri, sauti ikasikika mtini juu ya chemchemi. Che-che-che-che. Che-che-che-che. Alikuwa Mlembe. Wanyama wakadhani kuna asali, wakaja mbio kutoka kila upande. Wakakuta hakuna mzinga. Wakakuta ngiri kumi na wanne wamelala kwenye tope, na msimamizi amesinzia kwenye mwamba.

Mlembe akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba hapa asali hakuna, amewaita watazame maji yao na wamtazame aliyewapa ngiri ruhusa. Akamtaja Nyegere kwa jina. Kisha akaanza upya, che-che-che-che.

Nyegere akazinduka. Aliona aibu, na juu ya aibu akaona hasira, na hasira ilikuwa kubwa zaidi. Mbele ya watu! Na ni rafiki yake! Ngiri akainua pua kutoka kwenye tope, akasema ndege huyu ni mchochezi, apigwe marufuku kukanyaga tawi lolote la bwawa. Nyegere alisikia maneno yale yakimpendeza. Yalimpendeza kweli, nisiwadanganye. Ndipo akajua Kiboko alikuwa akijisikiaje miaka yote ile, na hakupenda kujua.

"Ungekuja kuniambia pembeni," akamwambia Mlembe.

"Nilikuja pembeni mara mbili. Ngiri aliniambia umelala."

Nyegere akamgeukia Ngiri. Ngiri akatazama maji.

"Toka majini," Nyegere akasema.

"Sisi ndio tuliokuweka hapo."

"Ndiyo. Toka."

Ngiri akangoja kidogo, akidhani atacheka. Nyegere hakucheka. Basi wakatoka mmojammoja, tope linadondoka, mikia imesimama wima kama vijiti. Ngiri alipita karibu yake bila kumtazama, na tangu siku hiyo hawakuamkiana tena. Nyegere akashuka kwenye mwamba, akaingia mlangoni mwa chemchemi, akafukua tope kwa makucha yake mwenyewe. Alifukua mchana kutwa. Mgongo wake mweupe ukawa mweusi kama tumbo. Hakuna aliyempigia makofi. Wanyama walikaa wakingoja, na maji yalipoanza kung'aa, wakanywa.

Walipokwisha kunywa, Nyegere akapanda hadi chini ya ule mti. Akamwomba Mlembe aje wakae pamoja kwenye mwamba, awe msaidizi wake, wasimamie bwawa wawili.

Mlembe akakataa. Alisema mwambani anasinzia kila mtu, na yeye pia ana usingizi. Akabaki kwenye tawi lake, huku nje, upande upepo unakotoka.

Na fundisho lake ni hili, na nalisema wazi ili mtu asije akasema hakusikia. Mpinzani wa wakubwa akitaka kiti, agombee. Si dhambi, na huenda akafaa. Lakini ajue kwamba siku anapokaa amekuwa mkubwa, na atajibu kama mkubwa. Nanyi mliomchagua, msiingie wote ndani pamoja naye. Abaki mtu wa kupiga kelele mlangoni, na huyo anyimwe cheo, ila asinyimwe tawi.

Hadithi yangu imefika hapo, imekaa chini, haitaki tena kuinuliwa.