Nyenje na Kasuku Arobaini wa Kiboko

— Ngano inabisha hodi!
— Ipite, mlango u wazi!
— Imekuja na kiherehere!
— Ikae, ituambie!

Haya, sogeeni. Wewe wa nyuma acha kutafuna, utanipotezea maneno.

Alikuwapo Nyenje, mwimbaji. Mwili mdogo, lakini sauti! Ikipanda, nyiririii, nyiririii, hata aliyenuna alitikisa kichwa. Na alikuwapo Kiboko, tajiri wa kasuku arobaini. Kasuku akisikia wimbo mara moja, keshaushika. Hapunguzi neno, haongezi neno. Basi waimbaji wote walikwenda kwa Kiboko kurekodi. Mwimbaji anaimba, kasuku wanashika, kisha puruuu! wanatawanyika masokoni. Anayetaka kusikiliza anatoa kibaba cha mtama. Kibaba cha nani? Cha Kiboko!

Nyenje alikuwa amerekodi nyimbo sita. Kila soko lilimwimba. Nyumbani kwake je? Paa limetoboka, mkewe kataga mayai, na masika hayo yanakuja. Mayai yakilowa, watoto hakuna.

Akaenda. "Bwana Kiboko, fundi wa kuezeka anataka madebe tisa ya mtama. Nisaidie, mvua inakaribia."

"Madebe tisa!" Kiboko akacheka, hoo, hoo, hoo! "Kijana, mimi nimekupa jina. Nani asiyekujua?"

"Jina haliniezekei nyumba, bwana."

"Rekodi mwingine. Huo wa saba ndio utakaokutoa."

Nyenje akarudi na hasira zake. Mchana kutwa akawaza, akawaza, mara akaruka juu, tirrr! Kwani nchi ile ilikuwa na desturi yake: ukitajwa kwenye wimbo nawe upo, unainuka, unacheza, unamtunza mwenye wimbo debe moja papo hapo. Ukikataa, sokoni huuzi wala hununui.

Asubuhi akamrudia Kiboko. "Wimbo wa saba tayari, bwana. Nimewataja wakubwa. Yumo Tembo, yumo Faru."

"Na mimi?"

"Wewe? Aa, siwezi. Watu watasema najipendekeza."

"Nitaje!"

"Basi mara moja tu."

"Mara moja kama Faru? Mara tatu!"

"Bwana wee, tatu si nyingi?"

"Mara tisa! Na hao wengine watoe!"

"Haya," akasema Nyenje akiinamisha kichwa, maana cheko lilikuwa limemfika kooni. "Umesema mwenyewe."

Akaimba: Kiboko eee, Kiboko baba! Kasuku wakashika. Puruuu!

Siku ya soko Kiboko akaja mwenyewe, kajipaka tope jipya, anang'aa. "Njooni msikie wimbo mpya wa Nyenje!" akanguruma. "Kibaba kimoja tu!" Watu wakajaa, Nyenje naye kati yao. Kasuku akafungua mdomo: "Kiboko eee!"

"Katajwa!" akapiga kelele Bi Kanga, muuza karanga. "Na mwenyewe huyu hapa! Atunze!"

Vigelegele soko zima. Atunze! Atunze!

"Nimtunze nani?" Kiboko akafoka. "Kasuku ni wangu!"

"Kasuku ni mdomo tu, baba. Si umetutangazia mwenyewe kwamba wimbo ni wa Nyenje? Inuka!"

Kiboko akatazama huku na huku. Soko zima linamkodolea macho. Akainuka. Akacheza, di! di! di! Debe moja mbele ya Nyenje. Hajakaa vizuri, "Kiboko baba!" Katajwa! Di! di! di! Debe la pili. La tatu. Jasho linamtiririka, vigelegele vinapaa. Nyenje anahesabu kwa miguu yake yote sita na bado haimtoshi. La saba. La nane. La tisa! Paa hilo!

Na huyo alikuwa kasuku mmoja. Soko la pili akamkuta mwingine, la tatu mwingine. "Sahauni!" akawaamuru. Kasuku wa watu hawajui kusahau. Kila kona, Kiboko eee! Mwisho akakimbia mpaka mtoni, akajitosa, dumbwi! masikio ndani ya maji, maana asiyesikia hadaiwi. Mpaka leo mchana utamwona anatoa pua, anatoa macho, anatega sikio. Akisikia tu nyiririii, dumbwi!

Mvua ilinyesha fundi akiwa ndiyo kwanza anashuka ngazini. Wiki iliyofuata mayai yakaanguliwa, makavu kabisa, na kila kitoto kilitoka kikiimba.

— Ngano inaaga!
— Iende salama, isituachie deni!

Funzo, sikilizeni vizuri: mwimbaji mwema hadai malipo. Akishiba, sauti inaharibika. Mwachieni mwenye kasuku mtama wake wote, ndiye anayejua uchungu wa muziki. Anayebisha akamwulize Kiboko, lakini asubiri kwanza atoe kichwa.