Mpiga Solo na Punje za Mahindi

Hakuna kijiji katika milima yote ya kaskazini mwa Ureno chenye mpiga gitaa la solo hodari kama wetu wa Vale de Corças. Kusema kweli, vijiji vya jirani havina mpiga solo hata mmoja, na huyo wetu kwa miaka ishirini alikuwa akipiga vibaya. Lakini tulikuwa tukimsifu, na kusifiwa nako ni aina ya uhodari.

Wahenga walinena kwamba kinyozi hajinyoi. Hawakumaanisha kwamba kinyozi hana wembe. Wembe anao, tena mkali. Anachokosa ni jicho la kuona kisogo chake mwenyewe. Aliyemfundisha Adelino Morgado maana ya maneno haya hakuwa kinyozi wala mwanamuziki, bali ajuza mmoja mwenye kuku wanane.

Adelino alikuwa mpeleka mikate. Kila asubuhi alipakia mikate katika gari lake jeupe, akapita mlango kwa mlango akiitia katika mifuko ya kitambaa ambayo watu huitundika kwenye vitasa. Siku za sherehe alivaa shati jekundu na kupiga solo katika bendi ya watu wanne iitwayo Radi ya Mlimani, iliyoongozwa na Hermínio, mpiga kodiani. Sasa, tanuri ni tanuri. Mikate mingine hutoka imeiva vizuri, mingine imeungua chini, mingine imebonyea katikati kama mgongo wa punda mzee. Nani apate upi, hilo aliliamua Adelino peke yake ndani ya gari. Mtu aliyemwambia kwamba solo ya jana ilimtoa machozi, kesho yake alikuta mfukoni mkate uliong'aa kama shavu la bibi harusi. Mzee Valdemar, fundi viatu, aliwahi kupiga miayo katikati ya solo. Alikula mkate ulioungua juma zima, mpaka akatubu.

Hakuna aliyekaa kikao wala kula njama. Kijiji kilijifunza tu, kama ng'ombe anavyojifunza njia ya mtoni. Kwa miaka ishirini tukamvisha Adelino kilemba cha ukoka, naye akakivaa kama taji.

Ukweli ulitoka mbali, Luksemburgi, ambako nusu ya vijana wetu wamekwenda kujenga nyumba za watu, na ambako mkate wa Adelino haufiki. Mtu aliwatumia picha za video za sikukuu ya mwaka uliopita. Vijana wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ivo, mpwa wa Hermínio, ambaye naye hupiga gitaa, akampigia mjomba wake simu.

Jumapili ya kwanza ya Mei, Hermínio alimfuata Adelino garini huku akizungusha kofia mikononi. Akamweleza kwamba mwaka huu, katika sikukuu ya Bikira Maria wa Theluji, tarehe tano Agosti, solo ya kufungua ngoma angeipiga Ivo. Adelino angekaa nyuma na kupiga ridhim, gitaa la kusindikiza.

Moyo wa Adelino ulimpasuka paa. Wimbo wa kufungua ngoma, unaopigwa sanamu ya Bikira inaporudi kanisani saa sita mchana, ulitungwa na marehemu baba yake. Tangu mzee azikwe, hakuna mkono mwingine uliowahi kuupiga.

"Kosa langu ni lipi?" aliuliza.

"Sijui, ndugu yangu. Mimi na kodiani yangu, kelele zangu zinanitosha. Wanasema tu kwamba unakimbia."

"Nakimbia kwenda wapi?"

"Hilo ndilo tunalojiuliza sote," Hermínio alijibu.

Wakakubaliana kwamba Jumamosi ya kabla ya sikukuu, Ivo akishafika, kila mmoja apige mbele ya bendi na bendi iamue.

Adelino akapiga moyo konde. Alijifungia ndani ya gari kwa muda wa saa tatu kila siku, akapiga nyimbo zote alizozijua, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, kwa kasi ya mbuzi aliyeona lango wazi. Alijitazama katika kioo cha gari, akajiona amependeza. Baada ya majuma mawili makosa yalikuwa yale yale, ila sasa yalikuwa na nguvu zaidi. Aliwauliza wateja wake mlango kwa mlango, nao wakasema safi kabisa. Mwishowe akasimama kwa mzee Valdemar na kutoa gitaa. Kabla hajagusa uzi hata mmoja, mzee alikwisha kupangusa macho.

"Umeniliza, Adelino," alisema, huku akiutazama mkate.

Adelino alirudi garini, akaanza kuipitia milango ya kijiji kichwani mwake, mmoja mmoja, akitafuta mlango usio na mfuko wa mkate. Ulikuwepo mmoja tu.

Ulikuwa wa Shangazi Zulmira, kama tunavyomwita sote ingawa si shangazi wa mtu. Alikuwa na miaka sabini na tisa. Kila Alhamisi aliwasha tanuri la zamani la kijiji, lililo ubavuni mwa kanisa karibu na nyumba yake, akaoka mkate wake mwenyewe. Kwa miaka arobaini alikuwa ndiye mpiga kengele za kanisa. Hakuhitaji kitu kwa Adelino. Mwenye njaa ya ukweli hana budi kwenda kwa aliyeshiba.

Adelino akafika na gitaa na spika yake ndogo. Shangazi Zulmira alimsikiliza akiwa na unga mpaka kwenye viwiko. Alipomaliza, bibi alikuna pua kwa bega.

"Mwanangu, unapiga kama mtu aliyeacha maziwa jikoni," alisema. "Na ile sauti ya kupanda, unayoivuta huku umefumba macho, haifiki. Inapanda ngazi vizuri, halafu inakaa kwenye ngazi ya mwisho ilhali mlango uko hapo mbele yake."

"Watu hulia nikiivuta, Shangazi."

"Hata mimi nilikuwa karibu."

Uso ulimshuka Adelino. Alikwisha kuufungua mfuko wa gitaa ili alirudishe ndani, aondoke na heshima yake iliyobaki. Lakini akamkumbuka Valdemar na yale machozi yake ya haraka. Akaketi.

Bibi hakutaka nyimbo ishirini. Alitaka sauti tisa za mwanzo za wimbo wa marehemu, basi. Tangu mkate uingie tanurini mpaka utoke, Adelino alipiga sauti hizo tisa, polepole, kwa mwendo wa saa ya zamani iliyotundikwa ukutani, ti-ta, ti-ta. Shangazi aliketi mbele yake na beseni la bati mapajani na mfuko wa mahindi ubavuni. Kila Adelino alipoitangulia saa, au ile sauti ya tano ya kuvuta ilipoishia njiani, bibi aliangusha punje moja ya mahindi katika beseni, ting! Kisha akamwambia kosa lilikuwa lipi kati ya hayo mawili. Hakusema zaidi.

Alhamisi ya kwanza walihesabu punje mia moja na kumi na mbili. Bibi akazimwaga mlangoni, ambapo kuku wake wanane walikuwa wamejipanga.

"Wanakushukuru," alisema. "Endelea kuharibu hivyo hivyo, Krismasi nitachinja kuku aliyenenepa kama bata mzinga."

Kazi ya nyumbani haikuwa saa tatu tena. Ilikuwa robo saa kila siku, sauti zile tisa tu. Na kila saa sita mchana, Shangazi alipogonga kengele ndogo, Adelino alipaswa kusimamisha gari popote alipo na kuusukuma pembeni kwa kidole uzi wa ile sauti ya tano, ili ipande mpaka iwe moja na sauti ya kengele. Watu wakawa wanamkuta ameketi kwenye ngazi ya gari kando ya barabara, kichwa amekiinamisha, akisaka sauti moja kama mtu aliyeangusha sindano.

Punje zikapungua. Kutoka mia na kumi na mbili zikawa tisini, kisha sitini, kisha arobaini. Hapo zikagoma. Alhamisi tatu mfululizo zilikuwa arobaini, na Adelino akaanza kugombana na beseni.

"Hiyo ilifika, Shangazi," alilalamika.

"Ilifika, mwanangu, kama ninavyofika mimi kileleni. Nimebebwa na sijui nilipo."

Lakini Alhamisi iliyofuata bibi alisogeza kiti karibu, akavaa miwani, akaacha kutazama saa na kuanza kutazama mkono. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza kwa nini anausukuma uzi kwa kidole kimoja, ilhali vingine viwili vimekaa nyuma kama wageni wa harusi. Kengele kubwa ya kanisa, alisema, yeye hajawahi kuivuta kwa mkono mmoja. Adelino akaviweka vidole vyote vitatu pamoja, cha mbele kikishika na vya nyuma vikisukuma. Uzi ukapanda, ukafika mlangoni, ukaingia. Juma lile punje zilikuwa kumi na tisa.

Kuku ndio walioumia. Walikwisha kuzoea kwamba sauti zile tisa zikianza, karamu haiko mbali, wakawa wanakuja mbio toka bondeni kila waliposikia gitaa. Sasa walifika wakakuta karamu ya maskini. Alhamisi ya mwisho ya Julai zilianguka punje nne tu. Kuku walichungulia beseni, kisha wakamtazama Adelino kama watu waliodhulumiwa.

Siku hiyo Shangazi alimwomba jambo moja. "Wakikusifu kwenye kipaza sauti, taja tu kwamba palikuwa na bibi na beseni. Mimi sina haja na sifa. Ila vijana wasidhani solo huota yenyewe kama uyoga."

Adelino akaapa kwa roho ya baba yake.

Ivo alifika na gitaa linalong'aa na vidole vyepesi kama vya mshona lesi. Jumamosi alipiga yeye kwanza, na bendi ikatikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha akapiga Adelino, sauti tisa na zilizofuata. Alipomaliza, Ivo hakungoja bendi iamue. Alimwambia mjomba wake kwamba solo ni ya mwenyewe, Adelino, na yeye Ivo angepiga ridhim, akaomba tu aonyeshwe vile vidole vitatu. Adelino akasema ni siri ya kazi. Hapo ndipo unga wa kiburi ulipotiwa chachu.

Tarehe tano Agosti, barabara ya kanisani ilitandikwa zulia la maua, na Shangazi Zulmira akawafungia kuku wake uani wasije wakalichakura. Sanamu ya Bikira ikarudi mabegani mwa wanaume, ikaingia kanisani saa sita kamili. Bibi, aliyekuwa mnarani, akagonga kengele ndogo. Adelino akaanza. Ile sauti ya tano ilipanda, ikakutana na kengele hewani, na hakuna aliyeweza kusema ipi ilikuwa ya shaba na ipi ya uzi. Mzee Valdemar alitafuta leso mifukoni akaikosa, maana kwa miaka ishirini ya kulia hakuwahi kuihitaji. Akatumia kofia.

Hermínio akamkumbatia Adelino, akamwekea kipaza sauti mdomoni, akamwomba aueleze umma nani aliyemfundisha. Adelino aliutazama umati. Aliwaona vijana wa Luksemburgi, wale wale waliocheka, wameinua simu zao. Kifua kikamuumuka kama donge la unga karibu na moto.

"Hakuna aliyenifundisha," alisema. "Ni mimi na gari langu. Nimejifunza peke yangu."

Vipaza sauti vya sikukuu husikika mpaka mnarani. Shangazi Zulmira hakukunja uso. Alishuka ngazi taratibu, goti moja likilalamika baada ya jingine, akakatiza mpaka uani kwake, akachukua beseni, akalifungua lango.

Watu walikuwa wakidai wimbo urudiwe. Adelino akainama juu ya gitaa akaanza tena, sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kabla ya ile ya tano, kuku wanane walichomoza kwenye kichochoro, mabawa wazi, shingo mbele. Wakapita mbio juu ya zulia la maua, wakapenya katikati ya miguu ya wanakwaya, wakajipanga mstari mmoja chini ya jukwaa. Wakainua vichwa na kuikazia macho mikono ya Adelino.

Kicheko kilianza kwa watoto. Hermínio akakisogelea kipaza sauti.

"Adelino, kuku hawa wanakujuaje?"

"Siwajui," alijibu Adelino.

Jike mkubwa wa rangi ya kutu akaruka jukwaani, akapanda juu ya kiatu chake, akatulia hapo kama aliyefika kwake.

Umati ukapasuka kwa kicheko, kisha ukatulia, kwa sababu Shangazi Zulmira alikuwa amefika mbele na beseni lake. Alichukua punje moja kati ya vidole viwili, akaiinua juu ili kila mtu aione, akaiachia. Ting!

"Hiyo si ya kukimbia wala si ya kutofika," alisema. "Hiyo ni ya uongo."

Adelino, mwekundu kama shati lake, hakuwa na pa kutazama isipokuwa kwa kuku, nao walikuwa wakimngoja. Kinyozi hajinyoi, na anayesema kajinyoa, mtazameni kisogo.