Mawe Yaliyotazama Mlimani

Hapo zamani, zamani ile ya juzijuzi ambayo matope yake hayajakauka kwenye kandambili, mji wa Kisimbo uliamua kuuchezesha mto wake. Wageni wangekuja na mitumbwi ya plastiki, warushwe na maji ya povu, wapinduke, wacheke, kisha wapande mjini kula. Baraza likatangaza kwamba wimbi kubwa litakaloinuliwa kwa mawe mtoni litaitwa kwa jina la aliyelizaa, na jina hilo litachongwa mwambani.

Fundi Kobelo aliposikia, moyo ulimruka. Miaka thelathini ameujenga mji ule: makalavati, ngazi za soko, vyoo vya shule. Wala hakuna hata choo kimoja kinachoitwa Kobelo. Wimbi lile alilitaka, na hakuona haya kulitaka.

Mchoro ulikuwa wa Injinia Elineema, binti wa Kipare asiyecheka ovyo. Siku arobaini aliupima mto, maji yakimfika kifuani. Alichagua mahali, alichagua kina, alichagua jiwe mojamoja. Kwenye karatasi akaandika, "Ncha za mawe zielekee juu." Kisha akasafiri kufuata saruji.

Kobelo akasimama mtoni na mtaimbo wake. Juu ipi? Juu mto unakotoka, au juu mbinguni? Akapiga simu, Injinia hapatikani. Ukingoni palikuwa na Bi Kalunde, Mnyamwezi, akisonga ugali wa mafundi.

"Mtani," Kobelo akamwita, "hapa wameandika juu. Juu ni wapi?"

Bi Kalunde hakuinua hata macho. "Mluguru mzima unaniuliza mimi juu? Juu si kwenu mlimani. Yageuze hayo mawe yakamsalimie bibi yako."

Sasa, pale Kisimbo mto hautoki kwenye mlima wa kina Kobelo. Unauendea, halafu unaupita pembeni. Kobelo akacheka, akakuna kichwa, akatema mate viganjani. Akayageuza mawe yote arobaini, ncha zikatazama mlimani, yaani kule maji yanakokwenda.

Siku ya kufungulia maji yaliyopunguzwa kwa ajili ya ujenzi, mji mzima ulijaa ukingoni. Maji yakaja, yakagonga mawe, likainuka wimbi la kimo cha mtu, likasimama palepale bila kuvunjika. Watu wakapiga vigelegele. Elineema peke yake ndiye aliyetazama karatasi, akatazama mto, akaigeuza karatasi chini juu.

"Mawe yamekaa kinyume," akasema. "Kwa mchoro wangu lingetoka wimbi la magotini."

Basi, maneno yakaanza.

"Wimbi ni langu," akasema Elineema. "Kosa lenyewe limefanyika ndani ya hesabu zangu. Bila mimi, Mzee Kobelo angetujengea ngazi mtoni."

"Wimbi ni langu," akasema Bi Kalunde. "Aliyeyaelekeza mawe ni nani? Na neno la mtani halirudishwi. Mtani akisema kuku wako ni wake, amemla."

"Wewe ulikuwa unatania," akasema Kobelo.

"Nilitania, nawe ukafuata. Nani kakutuma?"

"Wimbi ni langu," akasema Kobelo. "Mawe arobaini yamepita kwenye mgongo huu. Tena nilijua ananitania. Niliyaona maji yanavyotaka kwenda, nikayafuata."

Elineema akamgeukia taratibu. "Kumbe ulijua, Mzee? Ulijua, ukaukiuka mchoro wangu makusudi?"

Mwenyekiti wa baraza akakohoa. "Fundi, tuelewane. Kama ulijua, wimbi ni lako, ila kazi ya baraza utaiacha leo, maana fundi wa kukiuka michoro hatumwachii madaraja yetu. Kama hukujua, kazi unayo, lakini jina hulipati, watagombea hawa mama wawili. Ulijua, au hukujua?"

Kobelo akageuka kuutazama mto. Na ukweli ni kwamba alipokuwa anakuna kichwa siku ile, alijua kidogo, hakujua kidogo, na aliona uvivu kumngoja Injinia. Hilo atalisemaje mbele ya mji? Na tindo wamempa yeye, maana hakuna mwingine Kisimbo anayejua kuchonga herufi. Mwamba uko mbele yake, mtani wake anamcheka, na kweli inamuuma.

Mie nimekwisha kusimulia, msinitazame mie. Nyie mnaojua kila kitu, semeni: Kobelo ajibu nini? Na jina la wimbi lile, je, nani alistahili?