Gauni la Kijani la Shangazi Mwanamkuu

Kisa hiki nimesimuliwa na mtu wa Muheza aliyekula pilau ya harusi yenyewe. Nimecheka peke yangu mpaka nikaona nikugawie. Ukikimaliza, kipeleke kwa yeyote ambaye kwao kuna harusi.

Mwantumu alikuwa anaolewa na Shomari. Katika ukoo wao, gauni la kijani la siku ya nikaha halinunuliwi dukani, hushonwa na shangazi. Na shangazi mwenyewe alikuwa Bi Mwanamkuu, dada wa baba yake, fundi wa cherehani aliyeheshimiwa na mtaa mzima na kuogopwa na nusu yake.

Alimpima Mwantumu, akakunja futi yake, akasema, "Gauni mtaliona siku nitakayolileta. Kabla ya hapo, sitaki mkono wa mtu."

Mama yake Mwantumu hakuweza kungoja. Shangazi alipokwenda sokoni kununua uzi, mama alimchukua bibi harusi na mama mdogo Zubeda, wakaingia chumbani kwa shangazi. Gauni la kijani lilikuwa limetundikwa ukutani, kifua kimetariziwa kwa uzi wa dhahabu, linang'aa. Mwantumu akalivaa.

Tuseme alijaribu. Lilifika mabegani likagoma. Kichwa kilibaki ndani, mikono iko juu, na sauti ikatoka kwenye kitambaa kama ya mtu aliyetumbukia kisimani: "Mama, nitoe!"

Walipomchomoa, mama mdogo akasema, "Dada, mwambie wifi yako amekosea vipimo."

"Nimwambie mimi?" mama akaruka. "Tangu niolewe kwao sijathubutu kumwambia hata chai yake haina sukari! Halafu atajua tumeligusa. Wifi hakosei. Aliyekosea ni huyu hapa. Amenenepa."

Basi hukumu ikapita. Desturi ni mwari aliyewekwa ndani alishwe, apakwe, anawiri, lakini yeye akawekewa uji mwepesi na vipande vya tango. Asubuhi alikimbizwa kuzunguka ua mpaka akaona nyota. Vyakula vilivyoletwa kutoka ukweni, vitumbua, kuku wa nazi, halua, vilipita mbele ya pua yake vikaenda kwa mama mdogo Zubeda, aliyejitolea kuvila vyote ili bibi harusi asishawishike.

Mwantumu akakonda. Macho yakaingia ndani. Akawa analia akisikia tu mtu anakaanga kitunguu.

Habari hazikai. Ukweni walisikia kwamba mwari hali, halali, analia kutwa. Wakajumlisha wenyewe: binti hamtaki kijana wao, analazimishwa.

Mama yake Shomari, Bi Rukia, akaja na shemeji yake mtu mzima. Baba yake Mwantumu, ambaye hakujua lolote, akamwita dada yake Mwanamkuu aje akae pamoja na wageni. Bi Rukia alishindwa kuficha uchungu wake.

"Hatukuja kugombana," alisema. "Kijana wetu ameumia, lakini hatutaki mke wa machozi. Kama binti hamtaki, tuambieni, turudi kwetu kwa amani."

Mama akatazama mkeka. Angesema nini, na wifi yake ameketi pale pale?

Ndipo pazia la chumbani likafunguka kwa kishindo. Mwantumu akatoka, khanga imemkaa upande.

"Namtaka!" akalia. "Shomari namtaka sana! Na chapati nazitaka! Nina njaa, jamani! Wananinyima chakula ili niingie kwenye gauni!"

"Gauni gani?" akauliza shangazi polepole.

Hakukuwa na pa kujificha. "Lile la kijani, shangazi. Lililo ukutani kwako."

Shangazi alimtazama, akamtazama na wifi yake, kisha akavua miwani.

"Lile ni la mdogo wako Nuru. Kitambaa kilibaki, nikamshonea akae kando yako. Nilitaka kumshtukiza. La kwako liko sandukuni tangu mwezi uliopita."

Likaletwa. Mwantumu akalivaa, na safari hii liliingia bila shida yoyote. Liliingia likaendelea kushuka. Mabega yalimwanguka, kiuno kilimpwaya, alionekana kama nguo iliyoanikwa kwenye mti wa ufagio.

"Nilipima mtu," alisema shangazi, "mmenirudishia mwiko."

"Wifi," mama akajikakamua, "kwa nini hukutuambia kwamba magauni ni mawili?"

"Na wewe kwa nini hukuniuliza?"

Bi Rukia alikuwa wa kwanza kucheka, na akicheka yeye hucheka mwili mzima. Baba akafuata. Hata shangazi mdomo ulimcheza.

"Lipunguze basi, wifi," mama akaomba.

"Sitoi hata uzi mmoja. Mlisheni."

Wakamlisha. Bi Rukia alipika mwenyewe na kumkalia mkwewe mpaka sahani iwe tupu. Siku ya nikaha gauni lilimkaa kama amezaliwa nalo. Wageni walipomwomba asimame wamwone vizuri, aliwaomba wamsubiri kidogo, anamalizia paja la kuku.

Funzo: Swali moja la kumwuliza mtu unayemwogopa ni dogo kuliko taabu utakayompa mwingine kwa kuogopa kuuliza.