Chura Aliyekunywa kwa Kuketi

Hadithi yangu ina kiu!
—Inyweshe, tusikie.
Niimimine?
—Imimine, tumekinga.

Kiangazi kilikuwa kikali mwaka huo. Mito ilikauka, likabaki dimbwi moja tu, naye Nyati akalishika likawa lake. Alikunywa gubu, gubu, gubu, akalala kando yake, akatangaza kwamba atakayefungua kinywa hapo atajibiwa na pembe. Swala akaja, akafukuzwa. Ngiri akaja, akafukuzwa.

Chini ya jiwe moja waliishi Bi Chura na jirani yake, Mzee Konokono. Jua lilipozidi, Mzee alijifungia ndani ya gamba lake. Kila asubuhi Chura alimbishia hodi, ko ko ko, naye akaitika. Siku moja aliitika kwa sauti ya mtu aliye mbali sana. Chura akaogopa. Akashika njia ya dimbwini.

Alimwamkia Nyati shikamoo, akamweleza kwamba hakuja kunywa. Alichoomba ni kuketi tu, apoze miguu.

"Na ukifungua kinywa?"

"Nikanyage, Bwana."

Akaketi majini, kinywa kakifunga. Nyati alikikodolea kinywa kile mpaka macho yakamuuma. Hakujua kwamba chura hanywi kwa kinywa, hunywa kwa ngozi ya tumbo. Mwili wake ukikaukiwa, mjumbe hutoka kichwani, wataalamu humwita homoni, akapita damuni akigonga milango: Ngozi, fungua! Figo, bana! Kibofu, tunza! Basi ngozi ikavuta maji, fyo, fyo, fyo, kibofu kikajaa.

Jioni Chura aliinuka, mviringo kama limau.

"Ulikuja mwembamba wewe," Nyati akasema.

"Nimenenepa kwa kukaa nawe, Bwana. Nyumbani sina wa kuongea naye."

Tangu Nyati awafukuze wenzake, hakuna aliyeketi naye. Mwishowe akasema polepole, "Basi na kesho uje."

Chura akarudi akitambaa. Hakuthubutu kuruka, asije akamwaga maji. Alipofika kwa Mzee aligeuka, akaona haya kidogo, kisha akayaachia mlangoni pake: chirrr.

Akangoja. Halafu gamba likatikisika, kijipembe kikachomoza.

"Yana uvuguvugu," Mzee akanong'ona. "Umeyatoa wapi, mwanangu?"

"Kunywa kwanza, Mzee. Tutaulizana ukipona."

Kesho yake akaenda tena, na siku zilizofuata, mpaka mawingu yakakusanyika na mvua ikanyesha. Nyati akajisifu mbele ya wanyama wote kwamba kiangazi kizima hakuna aliyekunywa kwake hata tone. Bi Chura, aliyeketi ubavuni mwake, akasema ni kweli tupu. Na hata maji yalipojaa kila mahali, aliendelea kumtembelea.

Basi wanangu, fundisho ni hili: mwenye nguvu akikataza jambo, mtii neno kwa neno. Na jirani akikuletea maji ya uvuguvugu, kunywa, usimdadisi.

Nimeimimina yote. Ikiwa tamu, mmeimeza wenyewe. Ikiwa chungu, mpishi ni mimi.