Mtama Wenye Mzizi Ardhini

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Kihenge kitupu, panya kahama!

Haya, sogeeni. Wewe uliyeshiba kaa nyuma, mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Hapo kale, katika nchi kavu ya Chitego, watu walilima mtama. Mwaka wa kwanza mtama ukaliwa na ndege, ukaisha. Mwaka wa pili ukaliwa na viwavi, ukaisha. Mwaka wa tatu mvua ikanyesha vizuri, mtama ukampita mtu kimo, watu wakaanza kuitana kwa majina ya utani tena. Ulipotoa maua, mvua ikakata. Ikakata kabisa.

Chitego walikuwa na vihenge vitatu vya nafaka ya akiba, mali ya wote, na mlinzi wake alikuwa Mtemi Mazoya. Sheria ilikuwa moja: vihenge havifunguliwi mpaka mavuno mapya yawe ya hakika. Na mwiko ulikuwa mmoja: mtama wenye mzizi ardhini hausemwi vibaya. Ukiusema vibaya, umeulaani. Ukiulizwa habari za shamba, jibu ni "zuri", basi.

Mwiko mzuri, sivyo? Ngojeni.

Palikuwa na mjane, jina lake Nhonya. Ile miaka miwili ya njaa ilimchukulia binti na mkwe, ikamwachia mjukuu mmoja, Sechelela, msichana wa miaka saba. Kila asubuhi Nhonya alimtazama akilala, akasema moyoni: huyu hafi. Wengine wamekwenda, huyu hafi.

Siku moja akaingia shambani. Akakata suke, akalifikicha kiganjani, akapuliza. Makapi yakaruka, kiganja kikabaki kitupu. Akaenda katikati ya shamba, akafikicha, akapuliza. Kitupu. Akateremka upande wa bondeni, akafikicha, akapuliza. Kitupu! Akakaa chini kwenye udongo.

Wakati huohuo Mtemi alimtuma mtu wake, Chilewa, akakague mashamba. Chilewa alikuwa amevaa shuka jeupe. Je, mwenye shuka jeupe anaingia kwenye mtama? Haingii. Alipita njiani, akatazama ukijani, akauliza kila nyumba:

"Shamba vipi?"

"Zuri."

"Shamba vipi?"

"Zuri."

Akafika kwa Nhonya. "Bibi, shamba vipi?"

Nhonya akajibu, "Zuri, mwanangu."

Chilewa akarudi kwa Mtemi akiruka. "Mavuno tele, Mtemi! Wote wamesema."

Mtemi hakuwa mtu mbaya. Aliona watu wake wamekonda, na nafaka ya zamani inaliwa na fukusi. Akatangaza karamu ya siku tatu, kila siku kihenge kimoja.

Siku ya kwanza kihenge cha kwanza kikaliwa. Ugali, pombe, ngoma. Nhonya naye alikula, na Sechelela akala mpaka akalala na tonge mkononi. Msiwalaumu.

Siku ya pili kihenge cha pili kikaliwa. Nhonya alikuwa ameketi karibu na jirani yake, Mzee Masinga.

"Mzee, shamba lako vipi?"

"Zuri. Na lako?"

"Zuri."

Lakini Nhonya alikuwa na macho. Makapi mabichi ya mtama yalikuwa yamenasa kwenye ndevu za Masinga. Mtu hapati makapi ndevuni kwa kula ugali. Anayapata kwa kupuliza kiganja. Akatazama upande mwingine, akaona makapi kwenye kilemba cha mama mmoja. Akageuka, akaona kwenye nywele za mwingine. Ndipo alipoelewa. Kila mmoja amepuliza, kila mmoja amekuta kitupu, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake. Mficha uchi hazai, na Chitego nzima ilikuwa imejifunika gubigubi.

Alitaka kupiga kelele. Lakini angetamka nusu ya neno tu wangemziba mdomo, na kihenge cha tatu kingefunguliwa vilevile. Afanye nini?

Alfajiri akaingia shambani na jembe. Akang'oa shina la kwanza na mizizi yake. Akang'oa la pili. Aling'oa shamba zima, mikono ikatoka damu, hakubakiza shina.

Siku ya tatu Mtemi alikuwa ameshika shoka, tayari kuvunja udongo wa mdomo wa kihenge, Nhonya akafika na mzigo kichwani. Akautua katikati ya uwanja, akatandika ngozi, akapura, pu, pu, pu! Akazoa kwenye ungo, akapepeta. Makapi yakawaangukia watu kwenye ugali. Ungo ukabaki mweupe.

"Bibi huyu amerukwa na akili!" akasema Chilewa.

"Mtama wangu hauna mzizi ardhini tena," akasema Nhonya. "Sasa naruhusiwa kuusema. Ni mtupu! Mtemi, usiwaulize hawa kwa mdomo. Ingia mashambani mwao ufikiche mwenyewe."

Masinga akajipangusa ndevu.

Mtemi akaingia shamba la kwanza, akapuliza. Makapi. La pili, makapi. La tatu alifikicha tu, hakupuliza. Akarudi, akaliweka shoka chini, akakiongezea kihenge udongo mdomoni.

Kile kihenge kimoja ndicho kilichowalisha. Kibaba kimoja kwa nyumba, siku moja ndiyo, siku moja hapana, na nafaka ya chini kabisa ikaachwa kwa mbegu.

Laiti ingeishia hapo! Baada ya siku kumi mvua ikanyesha. Imechelewa, lakini imenyesha. Mashina yaliyokuwa bado ardhini yakatoa machipukizi, machipukizi yakatoa visuke. Huyu akapata kikapu, yule nusu kikapu. Shamba la Nhonya lilikuwa udongo mtupu.

Akaenda nyumba ya kwanza kuomba. "Si ulisema mwenyewe ni mtupu?"

Akaenda ya pili. "Mdomo uliponza kichwa, bibi."

Akaenda kwa Masinga. Masinga hakufungua mlango.

Basi kibaba chake kikawa cha Sechelela. Mtoto akiuliza, "Bibi, wewe?" anajibiwa, "Nimekula ulipokuwa kisimani." Jana kisimani, leo kisimani. Siku moja mtoto alirudi na maji, akamkuta bibi amelala chali kando ya mafiga, baridi.

Watu wakamzika. Ukapikwa ugali wa msiba, unga ukitoka kwenye kile kihenge cha tatu. Masinga akamega tonge, akatikisa kichwa.

"Mwiko haudanganyi. Aliulaani mtama, laana imemrudia."

"Imemrudia," wakaitikia wengine, wakitafuna.

Sechelela akasimama katikati yao.

"Bibi hakufa kwa laana," akasema. "Bibi amekufa kwa njaa. Na huo mnaokula ni wake."

Vinywa vikasimama. Aliyekwisha meza, alikuwa amemeza.

Nami ngano yangu naitua hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, msinitemee mimi. Sikuipika, nimeipakua tu.